Golikipa Aliyevunjika Shingo: Habari za Bert Trautmann

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Shinyanga na Geita. Mwalimu wa darasa alisome tena polepole, kisha wanafunzi wazungumze juu ya maswali yaliyo mwishoni.

Mwalimu, tafadhali ongeza sauti ya redio kidogo, na walio nyuma wasogee mbele. Somo letu la leo ni la historia.

1. Barua iliyoniletea somo hili

Nitaanza na barua. Imetoka katika darasa moja la wachimbaji wadogo upande wa Geita. Jina la darasa sitalitaja, maana habari yenyewe inamhusu mtu, naye yu hai na anasikiliza redio kama ninyi. Imeandikwa kwa mkono wa mwanafunzi ambaye miaka miwili iliyopita hakujua kuandika jina lake. Kwa hilo peke yake nimefurahi.

Barua inasema hivi. Kijana mmoja wa hapo aliwaibia wenzake mchanga wa dhahabu usiku, katika duara walilochimba pamoja. Akakamatwa, akapelekwa mahakamani, akafungwa. Sasa amemaliza kifungo, amerudi. Anataka kuingia darasani ajifunze kusoma. Tena anataka kudaka katika timu ya mpira ya hapo, kwa kuwa zamani alikuwa golikipa wao. Nusu ya darasa wanasema apokewe. Nusu wanasema mwizi ni mwizi. Mwisho wanauliza: "Wewe Bwana Elimu, unasemaje?"

Ndugu zangu, mimi si hakimu, wala sikuwapo usiku ule. Lakini kazi yangu ni kufundisha historia, na historia ni kama ghala. Mwenye njaa huenda akatazama waliomtangulia wameweka nini. Nimekwenda ghalani, nimekuta habari za golikipa mwingine, ambaye watu walikuwa na sababu kubwa zaidi ya kumkataa. Mtu huyo alikuwa Mjerumani, jina lake Bert Trautmann. Mwaka 1975 alikuwa hapa kwetu Tanzania, akiifundisha timu yetu ya taifa.

2. Jina la Mjerumani

Katika nchi yetu jina la Mjerumani lina uzito wake. Wajerumani walianza kuitawala Tanganyika katika miaka ya 1880. Mwaka 1916, wakati wa vita kuu ya kwanza, majeshi ya Waingereza na Wabelgiji yaliwaondoa katika sehemu za Mwanza na Tabora. Wazee wetu waliwakumbuka kwa maboma na barabara, wakawakumbuka zaidi kwa kiboko. Ile adhabu ya viboko ishirini na vitano waliiita "hamsa wa ishirini", na jina hilo likadumu kuliko wale waliochapa. Hata dhahabu ya Geita ilianza kujulikana kwa wageni wakati wao, ingawa mgodi mkubwa ulifunguliwa baadaye, katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza. Mgodi huo ulifungwa mwaka 1966, ukafunguliwa upya mwaka 2000.

Kisha ikaja vita kuu ya pili, tangu 1939 hata 1945. Mtawala wa Ujerumani wakati huo alikuwa Hitler. Alifundisha watu wake kwamba wao ni bora kuliko watu wa mataifa mengine, na kwamba Wayahudi hawastahili kuishi. Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa. Vijana wengi wa Tanganyika waliingia jeshi la KAR, ambalo wazee wetu hulitamka Keya. Walipigana Uhabeshi, na wengine walivuka bahari mpaka Burma, kupigana na Wajapani waliokuwa upande mmoja na Hitler. Likumbukeni jina hilo la Burma, maana tutalirudia.

3. Kijana wa Bremen

Bert Trautmann alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1923 katika mji wa Bremen, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani. Jina lake la kuzaliwa ni Bernhard. Baba yake alikuwa mfanyakazi katika kiwanda cha mbolea karibu na bandari. Ilikuwa miaka ya dhiki. Mtoto mwenyewe alikuwa mrefu, mwenye nguvu, hakutulia, na alipenda michezo kuliko vitabu. Alicheza mpira wa miguu, akacheza na mpira wa mikono. Huu wa mikono ulimfaa sana baadaye, kama mtakavyosikia.

Alipokuwa na miaka 9 hivi aliingia katika chama cha watoto cha Hitler. Huko walipiga kambi, wakaimba, wakakimbia, na polepole wakajazwa chuki. Mtoto hakujua kwamba anajazwa chuki. Aliona anacheza.

Akajifunza ufundi wa motokaa. Mwaka 1941, akiwa kijana wa miaka 17, alijiandikisha jeshini kwa hiari yake. Akawa askari wa mwavuli, yaani askari wanaorushwa kutoka katika ndege. Alipelekwa kupigana na Warusi, akakaa huko kama miaka mitatu. Alipata nishani tano, moja wapo ni ile ya Msalaba wa Chuma. Katika kikosi chake cha kwanza walikuwa askari 1,000. Walionusurika walikuwa 90 tu.

Sasa, ndugu wanafunzi, hapa lazima niseme jambo zito, kwa kuwa historia inayoficha mambo mazito si historia. Usiku mmoja mwaka 1941, katika msitu huko Ukraine, Trautmann na mwenzake mmoja waliona kwa macho yao watu wakipangwa kando ya mahandaki wakapigwa risasi, wanaume, wanawake na watoto. Hawa wawili walijificha, wakatambaa, wakaondoka. Hakupiga risasi yeye. Lakini pia hakusema neno, akaendelea na vita. Habari hiyo aliisimulia mwenyewe uzeeni. Basi mtu tunayemzungumzia leo hakuwa malaika. Alikuwa askari wa upande uliotenda uovu, naye alijua sehemu ya uovu huo.

4. Mateka

Mwaka 1945, vita ilipokaribia kwisha, Waingereza walimkamata wakampeleka kwao awe mateka. Mateka ni mtu aliyeshikwa vitani akawekwa kambini, asiue wala asiuawe. Waingereza waliwagawa mateka kwa mafungu, kufuatana na mawazo yao. Trautmann aliwekwa katika fungu la wale walioshikilia sana siasa ya Hitler.

Kambini mateka walionyeshwa filamu za kambi za mauaji, jinsi Wayahudi walivyokutwa wamekufa na waliokuwa karibu kufa. Wengine walikataa kuamini. Trautmann aliamini, maana alikwisha kuona ule msitu. Akawa anafanya kazi pamoja na Waingereza wa kawaida, akaona wanamtendea kama mtu, siyo kama mnyama. Mara nyingi baadaye alisema kwamba masomo yake ya kweli yalianza Uingereza, akiwa mateka.

Alihamishiwa kambi ya Ashton-in-Makerfield, karibu na mji wa St Helens. Mateka walikuwa na timu ya mpira. Yeye hakuwa golikipa, alicheza ndani ya uwanja. Siku moja aliumia katikati ya mchezo. Badala ya kutoka, akabadilishana nafasi na golikipa. Tangu siku hiyo hakuondoka tena golini. Waingereza wakashindwa kulitamka vema jina lake, wakamwita Bert, na jina hilo likamkaa.

Mwaka 1948 alifunguliwa. Angeweza kurudi kwao. Akakataa, akabaki Uingereza. Akafanya kazi ya shamba, kisha kazi ya kuondoa mabomu ambayo hayakulipuka. Jumamosi alidakia timu ndogo ya St Helens Town. Watu wakaanza kuja kwa maelfu kumtazama.

5. Manchester na barua ya rabi

Mwezi Oktoba 1949 timu kubwa ya Manchester City ilimwandikisha. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Fikirini wenyewe. Vita ilikuwa imekwisha miaka minne tu. Mji wa Manchester ulikuwa umepigwa mabomu na ndege za Wajerumani mwezi Desemba 1940. Walikuwapo wajane, walikuwapo yatima, walikuwapo watu wasio na miguu. Tena katika mji huo waliishi Wayahudi wengi, na miongoni mwao wengine walikuwa wamepoteza jamaa zao wote. Sasa wanaambiwa kwamba golini kwao atasimama askari wa Hitler, mwenye nishani! Watu wapatao 20,000 waliandamana kumpinga. Barua za hasira zilimiminika magazetini na katika ofisi ya timu.

Watu wawili walisimama kumsaidia. Wa kwanza alikuwa nahodha wa timu, Eric Westwood. Huyu alipigana na Wajerumani huko Normandy, pwani ya Ufaransa, mwaka 1944. Kama ni kuchukia, yeye alikuwa na haki ya kuchukia. Lakini alimpokea Trautmann mbele ya wenzake, akawaambia kwamba katika chumba chao cha kuvalia hakuna vita.

Wa pili alikuwa Dokta Alexander Altmann, rabi wa Wayahudi wa Manchester. Rabi ni mwalimu na kiongozi wa dini ya Kiyahudi. Altmann alikuwa rabi Berlin, akaikimbia Ujerumani mwaka 1938. Huyu ndiye aliyeandika barua gazetini. Hakusema kwamba Wajerumani hawakutenda kosa. Hakusema watu wasahau. Alikumbusha mateso yaliyowapata Wayahudi, kisha akawaomba watu wasimwadhibu mtu mmoja, ambaye hakuna aliyethibitisha kosa lake, kwa ajili ya maovu ya taifa zima. Kila mtu apimwe kwa matendo yake mwenyewe.

Mwalimu, simamisha kidogo hapa. Liandike ubaoni: KILA MTU APIMWE KWA MATENDO YAKE MWENYEWE. Wanafunzi walisome kwa sauti, mara mbili.

Haya, tuendelee. Barua ile haikumaliza hasira zote. Mwezi Januari 1950 Manchester City walikwenda London kucheza na Fulham. London nayo ilikuwa imeumizwa vibaya na mabomu. Watazamaji walimzomea Trautmann tangu alipoingia. Yeye hakuwajibu. Alidaka. Timu yake ilifungwa 1-0, lakini ingefungwa mengi kama si yeye. Mchezo ulipokwisha, watu walewale waliomzomea walisimama wakampigia makofi, na wachezaji wa pande zote mbili wakajipanga mistari miwili, akapita katikati.

Msimu huo Manchester City walishuka daraja. Mwaka 1951 wakapanda tena, naye yupo. Kwa jumla alichezea timu hiyo michezo 545, tangu 1949 hata 1964. Ule mpira wa mikono wa utotoni ulimfundisha kurusha. Magolikipa wengi siku zile walikuwa wakiupiga mpira mbele kwa nguvu, uangukie popote. Trautmann alitazama kwanza, akamrushia mwenzake aliye peke yake. Kutoka mikononi mwake shambulio likaanza.

6. Siku shingo ilipovunjika

Tarehe 5 Mei 1956 Manchester City na Birmingham City walikutana katika fainali ya Kombe la FA, katika uwanja wa Wembley, London. Watazamaji walikuwa karibu 100,000. Siku chache kabla ya hapo, waandishi wa habari za mpira walikuwa wamemchagua Trautmann kuwa mchezaji bora wa mwaka nchini Uingereza. Hakuna golikipa aliyepata kuchaguliwa kabla yake.

Zilipobaki dakika 17, Manchester wakiongoza 3-1, mchezaji wa Birmingham aitwaye Peter Murphy aliufuata mpira mbio. Trautmann akajitupa miguuni pake. Goti likampiga shingoni. Akaanguka, akazimia kidogo, akaamka anaona ukungu. Kwa sheria za siku zile mchezaji aliyeumia hakuruhusiwa kubadilishwa na mwingine. Angetoka, wenzake wangebaki kumi, na golini angesimama mtu asiye golikipa. Akabaki. Akaokoa mabao mengine huku akiyumba na kushika shingo. Mchezo ukaisha 3-1. Alipopanda kupokea nishani, shingo ilikuwa imepinda.

Usiku ule alikwenda karamuni, kichwa hakigeuki. Kesho yake alikwenda hospitali, akaambiwa ni mkazo wa shingo tu, utapona wenyewe. Siku tatu baadaye, maumivu yakizidi, alikwenda kwa daktari mwingine mjini Manchester, akapigwa picha ya eksirei. Ikaonekana kwamba pingili tano za shingo zimehama mahali pake, na ya pili imepasuka vipande viwili. Pingili ya tatu ilikuwa imejibana kwa ile ya pili, ikaizuia isisogee. Kwa bahati hiyo peke yake hakufa.

Hapa naomba nisimame, kwa sababu nawafahamu watu wa Geita na Kahama. Hadithi hii husimuliwa kama hadithi ya ushujaa, na kweli alikuwa shujaa. Lakini mimi sitaki hata mmoja wenu aige jambo hili. Mtu akiangukiwa na jiwe au akitumbukia shimoni, kisha anasema shingo au mgongo unauma, msimvute mikono, msimwinue akae, wala msimbebe mgongoni. Mwacheni alale. Mtu mmoja amshike kichwa kisigeuke. Mkilazimika kumhamisha, mlazeni juu ya ubao, kichwa na mwili vikienda pamoja, apelekwe hospitali. Na akiambiwa si kitu, huku maumivu yanazidi, arudi tena kwa daktari. Trautmann aliponea katika safari ya pili.

Majuma machache baada ya fainali ile, kabla hajapona, mwanawe wa kiume wa miaka mitano aligongwa na motokaa akafa. Sitaongeza maneno juu ya jambo hilo. Wazazi waliomo darasani wanalielewa. Mwezi Desemba 1956 alirudi golini.

Alipoacha kucheza mwaka 1964, ulifanyika mchezo wa kumuaga. Walikuja watu zaidi ya 40,000. Katika mji uleule walikoandamana 20,000 kumkataa, sasa walikuja maradufu kumshukuru. Katikati ya siku hizo mbili kulikuwa na miaka 15 ya kazi.

7. Mwalimu wa mpira

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baada ya kuacha kudaka, Trautmann alishika kazi ya kufundisha. Alianza na timu ya Stockport County huko Uingereza, kisha akarudi Ujerumani kufundisha timu ndogo. Hakupata sifa kubwa huko. Ndipo Chama cha Mpira cha Ujerumani Magharibi kilipompa kazi ya namna nyingine, nayo ni kwenda katika nchi changa kusaidia kuinua mpira wao.

Mwaka 1972 alikwenda Burma, nchi ile ambako baba zetu wa Keya walipigana. Nchi hiyo sasa huitwa Myanmar. Mwaka huohuo timu ya Burma ilicheza katika Michezo ya Olimpiki huko Munich, Ujerumani.

Mwaka 1975 akaja Tanzania. Mambo yalikuwaje siku zile? Mpira wetu ulikuwa na uhai mwingi. Mwezi Agosti 1974 Simba na Yanga zilikutana katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Yanga ikashinda 2-1, na mchezo huo bado unasimuliwa katika kanda yetu ya Ziwa. Mwaka huohuo Tanzania ilitwaa kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati. Nako Ujerumani Magharibi ilitwaa Kombe la Dunia. Lakini ilikuwa pia miaka ya ukame na upungufu wa chakula. Watu wengi wa Shinyanga walikuwa ndio kwanza wamehamia katika vijiji vipya. Wazee watakumbuka kwamba mwaka huohuo 1975 redio ilifundisha kampeni ya Chakula ni Uhai, nao walikaa katika vikundi kusikiliza kama ninyi leo.

Yafaa pia tujue jambo moja la siasa. Mwaka 1965 Tanzania na Ujerumani Magharibi ziligombana. Ujerumani Magharibi haikupenda Ujerumani Mashariki iwe na ofisi katika nchi yetu, ikaondoa misaada yake ya kijeshi. Mwalimu Nyerere akaikataa na misaada mingine, kwa kuwa hakukubali nchi nyingine ituchagulie marafiki. Basi kuja kwa Trautmann miaka kumi baadaye kulikuwa alama kwamba nchi mbili hizo zimepatana tena. Mjerumani wa zamani alikuja na kiboko, bila kuitwa. Huyu alikuja na mpira, kama mwalimu na mgeni wetu.

Hakukaa kwetu miaka mingi. Alikwenda Liberia, akaenda Pakistani na Yemeni, akafanya kazi hiyo mpaka mwaka 1988. Kazi ya mwalimu wa namna hii haihesabiwi kwa vikombe. Mwalimu hupanda, na mavuno huchumwa na wengine. Mwaka 1980 Tanzania ilicheza kwa mara ya kwanza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, huko Lagos, chini ya walimu wengine. Wajerumani wengine pia walifuata njia hiyo. Rudi Gutendorf aliifundisha Tanzania mwaka 1981. Reinhard Fabisch aliiongoza Kenya mpaka fainali ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987 mjini Nairobi, ambayo Misri ilishinda 1-0.

Uzeeni Trautmann aliishi Hispania, karibu na mji wa Valencia. Mwaka 2004 Waingereza walimpa nishani ya heshima, kwa kazi yake ya kuwapatanisha Waingereza na Wajerumani. Alifariki tarehe 19 Julai 2013, akiwa na miaka 89. Zamani alipata nishani kwa kupigana na watu. Hii aliipata kwa kuwapatanisha.

8. Turudi kwenye barua

Sasa, ninyi wa darasa lile, nisikilizeni. Sitaki mlinganishe mambo yasiyolingana. Kijana wenu alihukumiwa kwa kosa lake mwenyewe. Trautmann alichukiwa kwa makosa ya taifa lake, pamoja na ukimya wake mwenyewe. Tena anayesamehe ni yule aliyeumizwa. Mimi niliye mjini siwezi kusamehe dhahabu ambayo si yangu.

Lakini tazameni yale yaliyotokea Manchester. Kwanza, hakuna aliyedanganya. Rabi aliutaja uovu kwa jina lake, ndipo akaomba. Nanyi semeni wazi kwamba kijana aliiba. Yeye naye aseme, na kama anaweza kurudisha, arudishe kidogo kidogo. Pili, ilibidi mtu mmoja aliye na haki ya kuchukia afungue mlango. Kwenu mtu huyo ni mmoja wa walioibiwa. Tatu, mlango ulipofunguliwa, Trautmann hakudai apendwe mara moja. Alizomewa akadaka. Kijana wenu akitaka kuaminiwa kwa juma moja, hajaelewa.

Kumpokea mtu si kumkabidhi ufunguo wa ghala siku ya kwanza. Kama hamjamwamini kulinda duara usiku, msimpe kazi hiyo bado. Katika timu, afanye mazoezi kama wengine, na mwalimu wa timu aamue. Hayo ni yenu kuyapima.

Bali kwa habari ya darasa nina neno, kwa sababu hilo ni la kazi yangu. Darasa la kusoma na kuandika si zawadi ya watu wema. Mlango wake haufungwi kwa mtu yeyote. Mtu aliyekosa ndiye anayehitaji zaidi kujua kusoma mkataba, kuhesabu gramu zake, na kuandika jina lake bila kumtegemea mjanja. Kijana huyo apewe daftari na kalamu. Aje leo.

Nanyi niandikieni tena baada ya miezi sita, mnieleze yaliyotokea. Kama nilikosea, nitasema redioni kwamba nilikosea.

Maneno ya kujifunza

Mateka: mtu aliyekamatwa vitani.
Rabi: kiongozi na mwalimu wa dini ya Kiyahudi.
Pingili: kifupa kimojawapo cha shingo au cha uti wa mgongo. Shingo ya mtu ina pingili 7.
Eksirei: picha inayoonyesha mifupa iliyo ndani ya mwili.
Kuzomea: kumpigia mtu kelele za kumdharau.

Maswali ya mazungumzo

1. Trautmann alikuwa na umri gani alipojiandikisha jeshini? Alijiandikisha mwaka gani?
2. Kwa nini watu wa Manchester walimkataa? Je, walikuwa na sababu?
3. Rabi Altmann aliwaomba watu jambo gani? Ni jambo gani ambalo hakulisema?
4. Trautmann aliona mauaji msituni akanyamaza. Mnafikiri alipaswa kufanya nini? Ninyi mkiona uovu mahali pa kazi, mnaweza kufanya nini?
5. Mtu ameumia shingo shimoni. Taja mambo mawili ya kufanya na mawili ya kutofanya.
6. Hesabu: Trautmann alizaliwa mwaka 1923, akaja Tanzania mwaka 1975. Alikuwa ametimiza miaka 51 au 52? Kwa nini tunahitaji kujua mwezi?

Kazi ya nyumbani

Andika mistari mitano juu ya mtu unayemfahamu ambaye zamani alikataliwa na watu, na sasa anaheshimiwa. Usimtaje jina bila idhini yake. Eleza alifanya nini mpaka watu wakambadilikia.

Kwa leo tumefika mwisho. Zimeni redio, mwasheni taa, mzungumze. Kwaherini.